Mbwa kurusha udongo akishajisaidia, sababu ni nini?

Swali: Wakuu, dume langu akimaliza haja huparura ardhi kwa nguvu, mchicha wote unang'oka. Anataka kufukia kama paka?

Jibu: Hafukii, mkuu. Mtazame vizuri: udongo unaruka nyuma, kinyesi kinabaki wazi. Anaweka alama. Nyayo zake zina tezi zinazoacha harufu, na mikwaruzo yenyewe mbwa mwingine anaiona kwa macho. Mbwa mwitu wa Ulaya na Amerika nao hufanya hivyo kwenye maeneo yao.

Jibu: Jike langu pia hufanya, hasa getini wanakopita mbwa wa jirani. Tafadhali usimpige, ni silika yake! Mzoeshe kwenda penye mchanga. Akiparura kwenye zege, kagua nyayo na kucha, huchubuka haraka.