MJADALA: Tamthilia na simu zinatupokonya Uzanzibari wetu?

Mtoa hoja (Mwembetanga)
Assalaam aleikum. Nalileta hili barazani, na anayetaka kunipinga anipinge. Baada ya Isha pita nyumba za hapa Ng'ambo, mjini Unguja, uone: watu wamewakodolea macho Waturuki wanaosema Kiswahili cha kutiwa sauti. Watoto wakirudi skuli ni vichekesho vya Dar kwenye simu. Harusini kidumbaki, muziki wetu wa ngoma, kimempisha DJ. Mtoto wa dada yangu shikamoo anaitoa kwa kuguna, lakini misemo ya mabodaboda wa Dar anayo yote, na Dar yenyewe hajafika.

Sisi tulikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973. Bara walisubiri hadi 1994 kupata kituo chao cha kwanza. Leo tunakaa kitako kuwatazama wao! Nasema ZBC, shirika letu la utangazaji la umma, iwekewe sheria: nusu ya vipindi viwe vya kwetu. La sivyo, Uzanzibari utabaki kwenye kitambulisho tu.

Mchangiaji wa Fuoni
Waalaykumu salaam kaka. Hiyo nusu utaitoa wapi? Tamthilia haiandikwi na sheria. Inataka mtunzi, waigizaji, kamera, mafuta ya gari, na sufuria ya wali kwa watu watakaokesha kazini. Tangu TBC, shirika la utangazaji la Bara, waonyeshe ile tamthilia ya Kichina ya Doudou mwaka 2011, vituo vimeshaonja: cha nje kikitiwa sauti ya Kiswahili, watu wanakaa kutazama. Ukilazimisha nusu bila ya fungu, utaletewa mikutano ya viongozi na marudio ya Mapinduzi Cup.

Halafu hiyo asili unayoililia tuitazame vizuri. Inasimuliwa kuwa Sultani Barghash ndiye aliyempeleka mtu Misri akajifunze kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa walipoanza 1905, walikuwa wakiimba Kiarabu. Aliyeifikisha taarabu ya Kiswahili kwenye santuri ni Siti binti Saad, na ilimbidi avuke bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurikodi. Wazee wa siku zile nao naamini walinung'unika juu ya hilo gramafoni. Mashine ya wageni, kampuni ya wageni, lakini mwimbaji alikuwa mtoto wa Fumba na maneno ni yetu. Mimi Waturuki hawanishughulishi. Kinachonishughulisha ni kwamba sisi hatuna mtu mbele ya kamera.

Mchangiaji wa Wete
Nyinyi watu wa mjini mnanichekesha. Mnalia leo kwa sababu zamu imewafikia. Kiunguja cha mjini ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, Kamati ya Lugha ikakisimamia tangu 1930, kisha redio na hiyo televisheni yenu ya rangi, TVZ, zikakibeba hadi Micheweni huku Pemba. Mpemba, Mtumbatu na Mmakunduchi wakawa watu wa kuchekwa. Katika michezo ya kuigiza, anayesema Kipemba alikuwa nani? Mshamba aliyepotea Darajani. Hapo hamkusema utamaduni unakufa.

Sasa kijana wa huku anajirikodi shambani, anasema kama anavyosema na bibi yake, na Wapemba wa Mombasa na Muscat wanamjibu kwa lafudhi ileile. Hakuna mhariri wa kumwambia asanifishe. Kwangu mimi simu imetenda jambo ambalo redio haikulitenda katika maisha yangu yote.

Mtoa hoja
Hilo la Pemba limenichoma, sikatai. Lakini kijana huyo halipwi, ndugu yangu. Kesho akipata wafuasi wengi atahamia Dar, na huko ataambiwa aseme kama wao ili auze. Ndiyo maana narudi kwenye chombo cha umma: kimlipe akiwa hapohapo Wete.

Mchangiaji wa Fuoni
Sasa umesema. Fungu kwanza, asilimia baadaye.

Mchangiaji wa Wete
Na katika hilo fungu, sehemu yetu ije Pemba yenyewe. Na vipindi vyake visisomwe na mtangazaji wa mjini anayejifanya Mpemba.