Naomba ushauri: njia ya miguu na baiskeli Mikindani hadi Mtwara mjini

Wakuu, habari za jioni. Niko Mikindani. Mtaani kwetu nimetwishwa kazi ya kuandaa andiko la njia ya waenda kwa miguu na baiskeli mpaka Mtwara mjini, kama kilomita 10 hivi. Mimi ni fundi cherehani, sijui ilikuwaje wakanichagua.

Juzi alfajiri nilikaa kando ya barabara na daftari, nikipiga vistari kuhesabu wapita njia. Muuza samaki mmoja, tenga kalifunga nyuma ya Phoenix kwa mpira wa tyubu, alisikia honi ya lori la makaa ya mawe akachepukia mchangani. Gurudumu likazama, changu wakamwagika. Tukawaokota pamoja.

Sasa: barabara kuu iko chini ya TANROADS, za mitaani TARURA. Andiko moja niwapelekee wote, au nianzie halmashauri? Hifadhi ya barabara kuu (eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara) ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kwa Sheria ya Barabara ya 2007, kwa hiyo nafasi ipo, ila kuna vibanda vya mama ntilie na sitaki ugomvi nao (na mimi nakula hapohapo).

Jirani yangu anasema tusing'ang'anie lami, tufuate vijia vya minazini ambavyo watu wameshavichonga kwa miguu. Kivuli kipo, sawa, lakini masika je?

Aliyewahi kufanya kitu kama hiki, hata huko Lindi, anisaidie. Na nihesabu wapita njia siku ngapi ndipo wakubwa wanielewe?