Kutazama nyota na watoto Tanga: darubini inatikisika, na tutoke usiku gani?

Mama wa Raskazone

Habari za jioni wakuu. Nina darubini ya macho mawili, 10x50 (inakuza mara 10, vioo vya mm 50), na watoto wa miaka 7 na 11. Naomba msaada kwa mambo haya.

Wakiishika kwa mikono, Mwezi unarukaruka. Wa miaka 7 anasema anaona Miezi miwili. Huku mjini taa za barabarani na za bandarini zimezidi, sasa twende wapi pasipo mbali, na usiku gani? Halafu dukani kuna darubini ya bomba, kioo mm 60, boksi limeandikwa 525x. Ninunue hiyo au nibaki na niliyonayo?

Mtazama Kilimia

Dada, baki na uliyonayo. Ukuzaji unaofaa hauzidi mara mbili ya upana wa kioo kwa milimita, kwa hiyo kioo cha mm 60 kinaishia kama 120x hata boksi liandike nini. Zaidi ya hapo unakuza ukungu. Na bomba la namna hiyo huja na miguu myembamba inayotetemeka kwa upepo mdogo tu, kwa hiyo tatizo lako litabaki palepale, tena limekuzwa.

Miezi miwili ya mdogo: mboni za mtoto wa umri huo zimeachana kama mm 52 hadi 55, na 10x50 nyingi hazikunjiki chini ya mm 56 hivi. Ikunje hadi mwisho. Ikikataa, mwache atazame kwa jicho moja, upande wa kushoto, usimlazimishe. Kwa mkubwa, funga kioo cha kulia kwa kiganja, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione nyota kama ncha ya sindano. Kisha funga cha kushoto, zungusha pete ya jicho la kulia peke yake. Wengi wanairuka hatua hii halafu wanasema darubini mbovu.

Usiku wa kutoka usiutafute kwenye simu, uulize maji. Maji mafu ya mwezi mchanga, yaani maji yasipojaa wala kutoka sana, siku ya sita hadi ya tisa tangu uandame, ndiyo ya kutazama Mwezi wenyewe. Mwezi ukiwa nusu, jua linaupiga kwa ubavu, na kwenye mstari unaotenga mwanga na giza kila shimo linajaa kivuli. Mwambie mtoto asogeze jicho taratibu juu ya mstari huo: ataona vijitone vya mwanga vimeelea upande wa giza, peke yao. Hivyo ni vilele vya milima na kingo za mashimo, jua limezigusa juu kabla ya kufika chini. Mwezi mpevu hauna hayo, ni sahani nyeupe inayoumiza macho.

Bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, huja mara mbili kwa mwezi. La mwezi mpevu kaeni nyumbani. Bamvua la giza ndilo la nyota. Ila giza hilohilo ndilo wavuvi wa dagaa wanatoka na taa, kwa hiyo upeo wa mashariki juu ya bahari unaweza kuwa na mwanga. Usiwaelekeze watoto huko.

Mahali: shika barabara ya Pangani hadi upande wa Tongoni. Mwanga wa jiji unabaki nyuma, kaskazini, na kusini, kwenye nyota za Msalaba wa Kusini, kunakuwa kweusi. Magofu ya Tongoni ni hifadhi ya mambo ya kale, usiingie usiku. Simameni uwanja wa wazi, na umjulishe mwenyekiti wa pale kabla ya jua kuzama. Watu wenye vyombo gizani bila taarifa huzua maswali.

Fundi wa Ngamiani

Dada, salaam. Dawa ya kutikisika ni chuma, na hiki ni cha kufanya uani kama una mashine ndogo ya kuchomelea.

Anza na darubini. Mbele ya bawaba ya katikati kuna kifuniko kidogo cha plastiki, kifungue kwa kukizungusha. Ndani kuna tundu lenye nyuzi za bolti ya robo inchi, nyuzi 20 kwa inchi. Hapa ndipo watu wanapoharibu: bolti ya M6 inafanana nayo kwa macho, inaingia mizunguko miwili, inakaza, mtu anatia nguvu, nyuzi zinakatika. Robo inchi ni mm 6.35, hatua yake 1.27. M6 ni mm 6, hatua 1.0. Ikikaza mapema, itoe. Pima kina cha tundu kwa kijiti cha kiberiti na ukate bolti isifike mwisho.

Fleti bari ya mm 20 kwa 3, uipinde L kwenye jiliwa, kila upande sm 10 hivi. Usichukue ya mm 25. Ukikunja darubini kwa ajili ya mtoto mapipa yanakaribiana na yatabana kwenye chuma. Toboa kwa keekee mm 7, weka washa ya mpira katikati.

Nguzo ni skwea paipu ya 25x25, unene mm 1.5, urefu sm 70. Ndani yake inapita ya 20x20, sm 80. Miguu mitatu, si minne, kwa sababu mitatu haiyumbi hata ardhi ikiwa na mabonde. Chini ya kila mguu chomelea kipande bapa cha sm 6 ili usizame mchangani. Ukiacha sm 15 ndani ya nguzo, inapanda kutoka kama sm 80 hadi 135, inawatosha wote wawili.

Kabla ya kukata, pitisha paipu ndogo ndani ya kubwa. Mshono wa kiwandani mara nyingi unakwama, upige tupa. Upenyo wa mm 2 unaobaki utafanya nguzo ilale upande, kwa hiyo weka bolti mbili za kubana, moja juu ya nyingine, zimeachana sm 6. Toboa mm 9, chomelea nati ya M8 juu ya tundu ikiwa na bolti yake ndani iliyopakwa grisi, la sivyo cheche zinaziba nyuzi. Nati ikiwa na zinki, ikwangue kwanza mpaka chuma kionekane. Moshi wa zinki unaleta homa, fanyia nje na upepo uwe mgongoni.

Kwa unene huu tumia vijiti vya mm 2, ampea 45 hadi 55, vipande vya sentimita moja na kusubiri kipoe. Kijiti cha 2.5 chenye moto mkubwa kitatoboa.

Kichwa cha kuinamisha: masikio mawili ya fleti bari, moja chini ya ile L, jingine juu ya nguzo, bolti ya M8, na katikati kipande cha tyubu ya baiskeli. Mpira ndio unaoshika. Ukiuacha, darubini inaanguka pua. Piga redoksaidi kote kabla ya rangi. Chumvi ya hapa haisubiri mwaka.

Mama wa Raskazone

Asante sana, kaka. Je, nguzo ya mraba haizunguki. Nitafuataje nyota?

Fundi wa Ngamiani

Vuta mguu mmoja. Anga linasogea digrii 15 kwa saa, na 10x50 nyingi zinaonyesha kama digrii 6, kwa hiyo nyota uliyoiweka katikati inatoka baada ya dakika kumi na ushee. Kusogeza utasogeza tu.

Bibi Nyota, Pangani

Naongezea upande wa watoto. Anga wazi kuliko yote ni Julai na Agosti masika yakishapita, na Januari na Februari za kaskazi. Saa moja na nusu tayari giza, hawahitaji kukesha.

Mwisho wa Mei na Juni, saa mbili usiku, watazame kusini. Ngumi ya mkono ulionyooshwa ni digrii 10, hata ya mtoto, kwa sababu mkono wake nao ni mfupi. Msalaba uko ngumi tatu na nusu juu ya upeo. Wachukue urefu wa mti wake mrefu, waushushe mara nne na nusu kutoka nyota ya chini: wanafika nusu ngumi juu ya upeo. Hapo ndipo anga lote linapozunguka, na nusu ngumi hiyo, digrii 5, ndiyo umbali wa Tanga kusini mwa ikweta. Wakigeuka kaskazini wataona nyota saba za Dubu Mkubwa zimepinduka kama upawa unaomwaga mchuzi. Nyota ya Kaskazini iko chini ya upeo, hawataiona.

Januari waanze na Kilimia, lile fungu dogo la nyota: wahesabu kwa macho, waandike, kisha kwa darubini. Sita huwa makumi. Ndicho kile cha methali, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua: kinapotea magharibi jioni za masika, kinarudi alfajiri mwezi Juni.

Mshtarii (sayari ya Jupita) akiwepo, wachore duara na vitone vinne pembeni mwake, ndiyo miezi yake, kwa usiku minne mfululizo. Io huzunguka kwa siku 1.8, Kalisto karibu 17, kwa hiyo mchoro wa kila usiku ni tofauti. Galileo, mtaalamu wa nyota wa Italia, aliviona hivyo Januari 1610.

Tochi ifungwe nailoni nyekundu mara tatu. Macho yanachukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na simu moja ikiwashwa mnaanza upya. Mikono mirefu kwa ajili ya mbu.

Mchana darubini ikae ndani ya begi. Jua kupitia kioo cha mm 50 linaunguza jicho papo hapo, na miwani ya kupatwa kwa jua haisaidii ukiivaa nyuma ya darubini, inayeyuka.

Mkirudi, vumbi na chumvi vipeperushe kwa pampu ya mpira kabla ya kitambaa, ukifuta kavu unakwaruza. Iacheni ikauke umande, kisha ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Pwani hii kuvu huota ndani ya lenzi, na ikishaota haifutiki bila kuifungua darubini yote.