Ardhi ya hospitali inauzwa kwa matajiri huku sisi wauguzi tukilala mbali. Mpaka lini?

Wakuu, habari za majukumu. Nimetoka zamu ya usiku hapa London na nina hasira.

Nyuma ya wodi yetu kuna jengo la ghorofa nne lililokuwa hosteli ya wauguzi. Madirisha yamepigiliwa mbao na uwanja umezungushiwa uzio. Kwenye uzio wamebandika picha kubwa ya mtu na mchumba wake wakinywa kahawa kibarazani, na chini yake bei ya kuanzia ambayo muuguzi haifikii hata akifanya kazi mpaka astaafu. Uongozi ulituambia eneo lile ni la ziada, hospitali haina haja nalo. Haina haja nalo vipi, wakati wenzangu wanapanda mabasi mawili alfajiri ili wawahi makabidhiano ya zamu, wasimame kazini kwa zaidi ya saa kumi na mbili mfululizo, kisha warudi kwa mabasi hayo hayo?

Na msiniambie ni hospitali moja tu. Hospitali ya Middlesex, katikati ya London, ilifungwa 2005. Mwaka uliofuata eneo likauzwa kwa pauni milioni 175, na 2008 majengo yakabomolewa. Leo panaitwa Fitzroy Place, maofisi na apatimenti za kifahari. Kilichosalia ni kikanisa cha hospitali na kipande cha ukuta wa nje.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ushauri ulitolewa na serikali ikausikia. Machi 2017 mshauri wake, Sir Robert Naylor, aliikabidhi ripoti kuhusu ardhi na majengo ya NHS, yaani huduma ya afya ya umma hapa Uingereza. Alikadiria kuna ardhi ya takriban pauni bilioni 2.7 inayoweza kuachiwa, panatosha nyumba 26,000, na akashauri kwamba pale penye uhitaji, nyumba za wafanyakazi wa NHS zipewe kipaumbele. Oktoba mwaka huo huo waziri wa afya, Jeremy Hunt, akasimama kwenye mkutano wa chama chake akaahidi wafanyakazi watapewa nafasi ya kwanza ya kupata nyumba za bei nafuu zitakazojengwa kwenye ardhi hiyo, familia hadi 3,000 zingenufaika. Makofi yakapigwa. Mwaka 2018 taasisi ya New Economics Foundation ikapitia maeneo yaliyouzwa, ikakuta nyumba nne kati ya kila tano zitakazojengwa humo muuguzi wa mshahara wa wastani hazimudu. Hiyo nafasi ya kwanza ni ya kununua nini, kama bei yenyewe huiwezi?

Hata zile wanazoziita za bei nafuu zichunguzeni vizuri. Tangu 2011 utaratibu unaruhusu kodi ya pango ifike asilimia 80 ya bei ya soko. Kwa soko la London, hiyo haimsaidii mtu wa Bendi 5, ngazi ya mshahara ya muuguzi anayeanza kazi, ambayo mwaka wa fedha 2025/26 ilianzia pauni 31,049 kwa mwaka, hata ukimwongezea ile posho ya London. Tena mkandarasi akishapata kibali, anarudi halmashauri na mahesabu yake kwamba faida imepungua, anaomba apunguze hata hizo nyumba chache za bei nafuu alizoahidi. Na anakubaliwa!

Sisi tuliokuja kwa viza ya kazi hali ni mbaya zaidi. Viza inatuzuia kugusa fedha za umma, kwa hiyo kwenye foleni ya nyumba za halmashauri hatuingii kabisa. Tunabaki mikononi mwa wenye nyumba binafsi. Mimi nalipa pauni 850 kwa chumba ambacho ukivuta kabati unakuta ukuta mweusi kwa kuvu, jiko tunagombania watu sita. Dada mmoja kutoka Kenya, muuguzi hodari wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), ameondoka London mwezi uliopita kwa sababu ya kodi tu. Wodi sasa inaziba pengo lake kwa muuguzi wa wakala, ambaye analipiwa zaidi. Hiyo pesa ya kuuza kiwanja imeokoa nini?

Najua hospitali zina njaa ya fedha, kwa miaka mingi bajeti ya majengo ilichotwa kulipia matumizi ya kila siku. Lakini kiwanja ukishakiuza hukipati tena. Wakipangishe kwa muda mrefu kwa chama cha nyumba kisichofanya biashara, umiliki ubaki wa hospitali, kodi ipangwe kwa kuangalia mshahara wa muuguzi badala ya soko, na hospitali ndiyo iteue wapangaji.

Wakuu mlioko Uingereza, maombi ya ujenzi yanawekwa wazi kwenye tovuti ya halmashauri na mtu yeyote anaruhusiwa kutuma pingamizi, uraia hauulizwi. Na sisi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda tumo kwenye Jumuiya ya Madola: ukiishi hapa kihalali unajiandikisha na unapiga kura, ya diwani na ya mbunge. Nani yuko tayari tuandike pingamizi moja lenye majina mengi? Wekeni hapa halmashauri zenu, tuanze wiki hii.