Kadi za 9 Desemba zenye Kilimanjaro ya upande wa Kenya: hivi mnatuonaje?

Wakuu, salaam. Mods, naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa salamu za Uhuru. Mimi sijaja kusalimia mtu, nimekuja na hasira zangu.

Picha linaanza asubuhi ya tarehe 9. Niko Dar, sikukuu, chai ipo mezani, mara simu inaita. Mzee, kutoka Kibosho, chini ya Kilimanjaro. Hata shikamoo yangu hakuisubiri.

"Mwanangu, Mawenzi imehamishwa lini?"

Nikajua basi, umri umeanza kumchezea mzee wangu. Kumbe mwenye matatizo ni mimi. Asubuhi ile nilikuwa nimechukua kadi kwenye grupu la kazini, "Heri ya Sikukuu ya Uhuru", nikaisambaza kwa ukoo mzima bila kuikagua. Ina mlima, ina tembo, ina bendera, ina fataki zinalipuka juu ya theluji. Nikaifungua upya, nikaikuza. Mzee yuko sahihi. Mawenzi iko kushoto.

Kwa ambao hamjakulia kule: ukisimama Moshi, Kibosho, Machame, popote pale upande wa kusini, Kibo, kile kilele kikubwa chenye theluji, iko mbele yako na Mawenzi, kile kidogo chenye miamba, iko kulia. Watu wa Rombo wao Mawenzi ndiyo inawakaa usoni. Ukiiona Mawenzi kushoto, umeuzunguka mlima, uko kaskazini. Na najua kuna mjuaji ameshaanza kuandika kwamba Rongai na Kamwanga nako ni kaskazini na nako ni Tanzania. Sawa mkuu, nakukubalia. Sasa angalia nyuma ya yule tembo wa pili. Kuna gari la watalii limepaki, na namba yake inaanza na K. Tangu lini magari yetu yakaanza na K? Ile ni Amboseli, Kenya, picha ambayo kila mtu duniani ameshaipakua.

Sina ugomvi na Wakenya. Wao wana bahati ya kuuona mlima wetu wakiwa kwenye tambarare yenye tembo, wameupiga picha vizuri, haki yao. Nao sikukuu yao ya Jamhuri iko siku tatu tu mbele, tarehe 12. Jirani yangu ofisini ni wa kutoka Taveta. Alipoiona ile kadi alicheka mpaka akaweka kikombe chini, kisha akaniambia: "Asanteni kwa kutuanzia sherehe mapema." Nikamjibu nini? Nilinyamaza.

Kinachoniuma ni hiki. Sikukuu yenyewe imeandikwa juu ya mlima. Wajerumani walikiita kile kilele kwa jina la Kaiser wao. Usiku wa Uhuru, 1961, wakati bendera ya Mwingereza inashushwa Dar mbele ya Prince Philip, Luteni Alexander Nyirenda alikuwa kule juu kwenye baridi, mita 5,895, na mwenge na bendera mpya. Tangu hapo kinaitwa Uhuru. Mwalimu alikuwa ameshauahidi ule mwenge miaka miwili nyuma, kwamba tutauwasha uumulike hata nje ya mipaka. Nje ya mipaka umulike, ndiyo, lakini hakusema picha nazo tukazitafute hukohuko.

Halafu bendera! Dizaina amemchora mwanajeshi amesimama kileleni, chini kaandika 1961, na mkononi bendera yenye buluu. Buluu ya wapi mwaka ule? Bendera ya Tanganyika ilikuwa kijani, nyeusi na michirizi ya njano. Buluu ililetwa na Zanzibar baada ya Muungano, 1964. Kwenye kona akabandika Sanamu ya Askari ya pale Posta na maneno "shujaa wetu wa Uhuru". Yule askari aliwekwa na Waingereza 1927, kukumbuka Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza. Mnara wa Mwenge uko Mnazi Mmoja, mwendo wa miguu kutoka hapo. Dizaina angetembea tu, hata jasho lisingemtoka.

Nikampelekea mtu wetu wa masoko, kwa adabu kabisa, "kaka naomba turekebishe". Akanijibu kwa sauti ya sekunde nne: "Bro, nani atajua?"

Nani atajua! Mzee wa Kibosho anautazama ule mlima kila siku akitoka nje kupiga mswaki. Na mwaka juzi hawa hawa walitupa mlima wenye maua ya pinki miguuni. Ilikuwa Fuji. Japani! Tukameza.

Kisingizio chao ni kwamba mlima "unagoma kuonekana", mawingu kila saa. Ni kweli unaringa, mchana unaweza kukaa Moshi siku tatu usiuone. Amka saa kumi na mbili asubuhi. Au kama mlima umekushinda, nchi imeisha? Kuna Jiwe la Bismarck pale Mwanza, ingawa jina lake nalo ni kesi nyingine. Kuna Daraja la Mungu kule Rungwe, maporomoko ya Kalambo, magofu ya Kilwa Kisiwani. Hivi vyote havina tembo wa kukodi.

Sisi Wachagga tunaopanda wiki ijayo kwenda nyumbani "kuhesabiwa" Krismasi, tupige picha za kutosha tuwape hawa watu bure, Mawenzi ikiwa mahali pake. Mimi nitaanza, mkiona kidole changu kwenye kona mvumilie.

NYONGEZA: Jamaa wa masoko ameshatuma rasimu ya kadi ya Mapinduzi ya 12 Januari. Ameandika "Ngome Kongwe, Zanzibar". Nimeikuza mara tatu. Ni Fort Jesus, Mombasa.