GCC au Clang kwa modeli ya mafuriko ya Nzoia?

Dunga_Hesabu (Kisumu): Wenzangu, hamjambo. Modeli yangu ya mafuriko ya mto Nzoia upande wa Budalang'i, niliyoiandika kwa C++, huchukua saa 11 kumaliza msimu mmoja wa mvua, na lazima niamue kabla ya Ijumaa kama nitabaki na kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ya GCC au nitahamia ya Clang. Kitanzi kikuu (sehemu ya programu inayojirudia) huita funksheni ndogo ya msuguano wa maji kwa kila seli, yaani kila kipande kidogo cha eneo. Mnanishauri ipi?

Menengai (Nakuru): Hujataja toleo, prosesa wala swichi unazotumia. Tukujibu vipi? Kabla ya GCC 12 ya mwaka 2022, swichi ya -O2 (kiwango cha uboreshaji) haikugeuza vitanzi kuwa vya vekta, yaani vya kuhesabu namba kadhaa kwa pamoja.

Dunga_Hesabu: Niwieni radhi. Ni GCC 9 kwa -O2, na prosesa ina AVX2 (maagizo ya hesabu za vekta). Funksheni iko katika faili yake.

Mwalimu_Mumias: Basi kosa si la kompaila, ndugu yangu. Inapotafsiri faili moja haiuoni mwili wa funksheni iliyo katika faili nyingine, hivyo haiwezi kuupachika ndani ya kitanzi, na kitanzi chenye mwito wa namna hiyo hubaki kikihesabu namba moja moja, ilhali AVX2 hubeba namba nne za biti 64 kwa mkupuo. Hamishia funksheni kwenye faili ya kichwa (header), au tumia -flto, inayoboresha faili zote kwa pamoja, kisha uweke -O3, kiwango cha juu kuliko -O2. Swichi ya -fopt-info-vec-missed itakuonyesha kilichokwama.

Kipepeo_Kakamega: Mimi ni wa Clang tangu zamani, lakini ninachokuonya ni -ffast-math, swichi ya kuharakisha hesabu za desimali. Data zangu za mvua zilikuwa na NaN (alama ya "si namba") kwa kila siku isiyopimwa. Swichi hiyo huiruhusu kompaila kudhani kwamba NaN haipo kabisa, kwa hiyo ukaguzi wangu wa isnan ulifutwa bila onyo lolote, jumla za vituo zikaharibika, nami nikawalaumu wasomaji wa vipimo kwa wiki mbili. Niliwaomba radhi baadaye.

Menengai: Bila swichi hiyo, GCC haitatumia pow (funksheni ya vipeo) ya vekta iliyomo katika glibc, maktaba ya C ya Linux, na fomula ya Manning ya msuguano wa maji inahitaji kipeo cha 4/3.

Mzee_wa_Fortran: Kwa lugha ya Fortran, tofauti na C++, kompaila hudhani kwamba safu unazozibadilisha ndani ya funksheni hazigongani katika kumbukumbu. Andika upya kwa Fortran.

Mwalimu_Mumias: Mzee, kabla ya Ijumaa? Neno __restrict, linaloiahidi kompaila ya C++ jambo hilo hilo, linamtosha.

Dunga_Hesabu: Nimehamisha funksheni na kuweka -O3. Ripoti sasa inalalamikia pow peke yake. Clang bado sijaigusa, na data zangu pia zina NaN.