Nyanya zenye vumbi jeupe: dawa ya ukungu ya mankozebu ifutwe, au tusimamie siku za kusubiri kabla ya kuchuma?

Mleta mada: Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuhuisha usajili wa mankozebu, sababu mojawapo ikiwa kwamba inavuruga homoni. Tanzania bado ni dawa ya ukungu ya kila siku, na nyanya zinafika sokoni kama zimemwagiwa unga. Tuifute?

Maabara: Mimi nasema ifutwe kwenye mboga. Cha kuogopwa zaidi ni ETU, kitu kinachotokea mankozebu inapovunjika. ETU inazuia kimeng'enya ambacho tezi ya thairoidi inakitumia kufunga madini joto kwenye homoni zake. Miezi ya mwanzo ya mimba mtoto hana homoni hizo ila za mama.

Sasa hesabu. Kikomo cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa nyanya ni miligramu 2 kwa kilo, zikipimwa kama kaboni disalfaidi, kemikali inayotoka dawa ikivunjwa maabara. Ukigeuza ni kama 3.5 za mankozebu. Kiwango ambacho FAO na WHO wanaona mtu anaweza kula kwa siku bila madhara ni miligramu 0.03 kwa kila kilo ya mwili. Kwa mtoto wa kilo 12 posho hiyo ni 0.36. Gramu 100 za nyanya iliyo kwenye kikomo zina 0.35. Nyanya moja halali, posho ya siku imekwisha.

Bwana shamba: Hesabu yako ni ya nyanya iliyo ukingoni na haijaoshwa, mkuu. Na ukiifuta unamwachia mkulima nini? Mankozebu inashambulia vimelea vya ukungu sehemu nyingi kwa mpigo, ndiyo maana bakajani chelewa, ule ugonjwa wa kuozesha majani na nyanya, haijaizoea. Dawa nyingine, metalaksili, inagusa sehemu moja tu na ilishazoeleka. Huuzwa imechanganywa na hiyohiyo mankozebu. Klorothalonili, nayo dawa ya ukungu, Ulaya waliitoa 2019. Kinachobaki zaidi ni dawa za shaba, ambazo masika ya mfululizo yanazizidi nguvu.

Tatizo liko kwenye ratiba. Lebo inasema subiri siku 7, shamba linachumwa kila baada ya siku 3. Chuma kwanza, hadi zile zinazoanza kugeuka rangi, piga jioni hiyohiyo, kisha usiguse mpaka wiki iishe. Lebo ikisema gramu 50 kwa bomba la lita 20, pima kwa mizani, achana na kifuniko. Na ile imani kwamba ukipiga siku ya kuvuna nyanya hazitaoza njiani ndiyo inayoleta vumbi hilo.

Mnunuzi: Kwani zikichemka sana dawa si inaisha?

Maabara: Hapana dada, moto ndio unaogeuza sehemu ya mankozebu kuwa ETU. Osha kabla ya kukata. Dawa hii inakaa juu ya ganda, kwa hiyo sugua chini ya maji yanayotiririka, hasa kwenye kishimo cha kikonyo, ndiko inakojikusanya. Kisha zitie maji ya moto, menya, na maji hayo uyamwage. ETU inayeyuka kwenye maji. Watu wanayarudisha kwenye mchuzi!

Mnunuzi: Na magadi soda?

Maabara: Jaribio la Marekani la 2017, gramu 10 kwa lita kwa dakika 12 hadi 15, lilisafisha ganda la tofaa, lakini kwa dawa nyingine mbili. Na sehemu iliyokwisha kuzama ndani haikutoka.

Mleta mada: Basi tarehe ya kupiga dawa iandikwe kwenye tenga.

Bwana shamba: Tenga moja dalali analijaza kwa mashamba matatu. Tarehe ya nani?

Maabara: Ndiyo maana nikasema ifutwe.